Chura Aliyekaa Upande

Riruta, Jumapili, saa tisa alasiri

Nyambura,

Wewe na baba yako mmetoka sasa hivi kwenda Mutuini kumuaga bibi yako, Cucu, na najua hamtarudi mapema, maana Cucu hamwachilii mtu kabla hajamnywesha chai mara mbili na kumbebesha ndizi. Nina saa chache peke yangu. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Naivasha, kwenye hicho chuo cha samaki. Mambo ya blanketi, neti, nauli na sabuni baba yako ameshayaandika kwenye karatasi kwa namba, kama anavyopenda. Sina la kuongeza hapo. Ukisahau sabuni utanunua nyingine.

Nataka kukuandikia jambo lingine. Ni miaka saba sasa, nikikuuliza kitu unanijibu, "Sawa, mama." Shule ilikuwaje? Sawa, mama. Mtihani? Sawa, mama. Barua ya kuitwa chuoni ilipofika uliiweka mezani mbele yangu, nikakuuliza kwa nini samaki, kwa nini si ualimu au uuguzi, ukasema, "Nimependa tu, mama," ukaenda kuosha vyombo. Wewe huyo huyo uliyekuwa ukiniuliza maswali mpaka nakuomba unyamaze nimeze chakula! Sasa ukiondoka na hiyo "sawa, mama" yako, nitakuwa napokea barua za kusema u mzima, masomo yanaendelea vizuri, salamu kwa wote. Sitajua tena unaona nini wala unawaza nini. Hilo linanitisha kuliko zile kona za barabara ya Naivasha. Tena najua lilianzia wapi, na wewe unajua, ila hatujawahi kulitaja humu ndani.

Nitalitaja leo. Lakini naomba unikubalie nianzie kwa chura.

Niliingia kiwandani mwaka wa 1981, wewe ukiwa na miaka mitano. Unavikumbuka vile vyumba viwili nyuma ya maduka, mwendo mfupi kutoka Adams Arcade, ambako ulikuwa ukija baada ya shule na kukaa chini ya meza ukiokota manyoya. Watu wa kanisani hawajawahi kuielewa kazi yangu. Nikiwaambia natengeneza nzi, wanadhani nafuga. Mwaka wa kwanza hata mimi sikuielewa. Unabana ndoano kwenye jiliwa, unaizungushia uzi, unafunga manyoya ya jogoo au nywele za mnyama, unakata kwa mkasi, unapaka tone la gundi. Halafu kuna mtu ng'ambo huko atakayeirusha majini ili samaki adhani ni mdudu. Zote tuliziita nzi, hata zile zenye umbo la panya. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye meza yetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika fimbo ya kuvulia. Wengi wetu hatukuwa hata tumeonja samaki. Kwa wazee wetu samaki hakuwa chakula, alikuwa ndugu ya nyoka aliyekosea akaingia majini, na Cucu wako hajabadilisha msimamo huo mpaka leo. Nina hakika anakueleza sasa hivi.

Kwa hiyo tulifunga kwa macho tu. Sampuli inakuja, tunaitazama, tunaiiga. Na macho nilikuwa nayo. Unanijua: pazia likikaa upande siwezi kula. Nzi wangu ukiwapanga kumi kwenye kadi hungeweza kumtambua wa kwanza na wa mwisho. Baada ya miaka miwili Bwana Mohinder, mwenye kiwanda, akanifanya msimamizi wa meza. Nilijivuna sana, sitakuficha. Nilikuwa nikipita nyuma ya wenzangu na mkasi mkononi, nakata unywele mmoja hapa, mwingine pale, na wao wanavumilia.

Mwaka wa 1984 ikaja oda ya vyura kutoka Amerika. Walikuwa wa kumvulia samaki anayeitwa besi, ambaye tulimjua kwa jina tu. Sampuli ilikuwa moja, ndani ya kisanduku kidogo cha karatasi, imefungwa kwa nywele za mnyama wao anayefanana na paa, nywele zenye uwazi ndani, ndiyo maana zinaelea. Na huyo chura alikuwa kituko. Mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Tumbo limekatwa bapa upande mmoja, upande wa pili limeachwa nene. Ukimweka mezani anaegemea kama mzee aliyetoka kilabuni.

"Ai, huyu amekaliwa na watu wa posta," nikasema.

Mama mmoja mpole aliyekaa karibu nami akamgeuza geuza. "Mama Nyambura, si tuulize mdosi kwanza?"

"Tuulize nini? Kwani huoni hii kitu imepondeka?"

Nikachukua mkasi. Nikafunga chura wangu, miguu sawasawa, tumbo la mviringo, kichwa katikati, nikamzungusha mezani wote wamwone. Wakapiga makofi. Tukamfuata huyo kwa wiki sita, meza nzima. Walikuwa wazuri, Nyambura. Mmoja nilimleta nyumbani nikamweka kwenye kabati la vyombo, na kila mgeni aliyekuja alimsifu.

Baada ya miezi kadhaa masanduku yakarudi. Bwana Mohinder aliniita ofisini kwake, barua mkononi. Aliyeandika alikuwa na adabu. Alisema vyura wetu ni wa kupamba sebule na hana ubaya nao, ila samaki hawawataki.

"Nani alibadilisha sampuli?" akauliza.

"Ilikuja imepondeka, bwana. Ni posta."

"Nani alisema imepondeka?"

Ningeweza kusema ni meza yote, na isingekuwa uongo kamili. "Ni mimi," nikasema.

Nilingoja kufukuzwa. Yeye akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya shati. "Mama Nyambura, wewe umewahi kuona hii samaki?"

"Hapana."

"Na maji yake?"

"Hata."

"Sasa ulijua aje hii chura iko na makosa?"

Tulitumia siku nyingi kuwavua wale vyura nywele kwa wembe, mmoja mmoja, ili ndoano zitumike tena. Kumi na mmoja sisi, tumeinamisha vichwa, hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Afadhali wangenitukana. Mchana nilikuwa nawaza aibu yangu, lakini nikifika nyumbani nilijikuta nawaza swali la Bwana Mohinder. Huyo samaki yukoje? Anapendaje kitu kilichopinda? Nilishindwa kabisa kuliacha. Ijumaa nikamfuata nikamwambia, "Bwana, nataka kumwona."

Akacheka mpaka kilemba kikatikisika. Jumapili iliyofuata alinipitia hapa Riruta, barabarani, na pikapu yake, mkewe kando yake na kikapu cha chai na chapati. Baba yako hakuwa amelala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo, lakini alipomwona yule mama mwenye kikapu akatulia. Tulikwenda kwenye bwawa la shamba la kahawa la rafiki yao, mbele ya Dagoretti, ambako wazungu wa zamani walipandikiza besi. Kijito kinaingia hapo kutoka juu, kimejaa mawe na mizizi, na samaki hupanda humo kutafuta chakula.

Nilidhani atatoa fimbo mara moja. Hakutoa. Alituketisha kwenye nyasi, mbali kidogo na ukingo, akasema, "Usitafute samaki. Angalia maji." Tukaangalia maji karibu nusu saa. Mimi niliona maji. Kisha akaanza kuniuliza, kama mwalimu mwenye muda mwingi. Wapi yanakimbia? Wapi yamelala? Povu linakusanyika wapi? Jua likipanda kivuli kitabaki wapi? Kidogo kidogo kile kijito kikaanza kuwa na vyumba. Nyuma ya jiwe kubwa maji yalikuwa yametulia, na pembeni yake mkondo ukipita kwa kasi. Pale penye kona, upande wa nje, palikuwa na kina na giza. Mti mmoja ulikuwa umelala nusu majini. "Hapo na hapo na hapo," akaonyesha kwa kidole. "Besi ni mvivu. Anataka kupumzika karibu na barabara ya chakula. Atalala kwenye kivuli, kichwa kule maji inatoka, anangoja kiletwe." Likumbuke hilo la kichwa. Mimi niliitikia kwa heshima, nikalisahau, na utaona lilivyonigharimu.

Kisha akafunga chura wangu kwenye uzi, mmoja wa wale wazuri ambaye tulimwacha bila kumvua nywele, akamrusha karibu na ule mti. Akatua. Akakaa. Bwana Mohinder akavuta kidogo, chura akasogea sawasawa, amenyooka, akakaa tena. Maji pale yalikuwa safi, na nikaona kivuli cha kijani kinapanda kutoka chini, polepole, mpaka karibu na chura. Kikamtazama. Naapa kilimtazama. Kisha kikashuka kikaenda zake.

Nilisikia vibaya kana kwamba mtu amekataa chai yangu.

Akabadilisha, akamfunga yule wa sampuli. Akamrusha pale pale. Mviringo wa maji ukaenea, yeye akangoja mpaka ukaisha kabisa. Akatikisa ncha ya fimbo mara moja. Yule chura akaegemea upande wake mnene, mguu mrefu ukaburuta, akajigeuza kidogo kama kitu kilichoumia kinachojaribu kufika ukingoni. Hapo maji yakapasuka.

Nilipiga kelele. Mke wa Bwana Mohinder alimwaga chai.

Alinipa fimbo nijaribu, na nilikosea kila kitu. Nilisimama jua likiwa mgongoni na kivuli changu kikatangulia majini. Nilitembea kwa kishindo, naye akaniambia samaki husikia miguu kupitia ardhi. Mara mbili nilimwona besi akifungua mdomo nikavuta kwa furaha kabla hajafumba, chura akanirukia mimi usoni. "Ngoja usikie uzito," akasema. "Macho yako inakudanganya. Mkono ngojea uzito." Mara ya nne nilifumba macho kabisa. Nilisikia uzito, nikavuta, nikamleta.

Nilirudi Riruta na samaki amefungwa kwenye gazeti, na hapo ndipo unapoingia wewe. Ulikuwa na miaka minane. Baba yako alikaa mbali na meza. Mimi mwenyewe sikujua nimfanye nini. Wewe ulipanda juu ya kiti, ukafungua ule mdomo wake mpana, ukatia ngumi yako yote ndani, ukauliza, "Mama, huwa anameza bila kutafuna?" Halafu ukataka tumpasue tumbo tuone. Nikasema la. Ukasema tafadhali. Tukampasua kwa kisu cha viazi, tukakuta mende wa maji watatu na chura mdogo, wa kweli, bado mzima umbo lake. Ulimweka kwenye kisahani. Ulienda kabatini ukamchukua chura wangu, ukawalinganisha wawili, ukaniuliza, "Mama, samaki anajua huyu ni wa uongo?"

Nikakwambia, "Maliza chai yako."

Sikujua jibu, Nyambura, ndiyo sababu. Nilikuwa nimetoka kuona aibu kazini kwa kutojua, sikutaka kuona nyingine mbele ya mtoto wangu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ulikuwa darasa la sita, likizo ya Agosti, ukakaa Mutuini kwa Cucu mwezi mzima. Ulirudi na daftari la hesabu, lile lenye visanduku, limelowa likakauka likavimba. Ulikuwa umelijaza kijito cha chini ya shamba. Wale samaki wadogo kama kidole, wanakaa wapi asubuhi, wanahamia wapi jua likiwa kali. Penye mzizi wa mkuyu, kumi na saba. Penye jiwe la kufulia, hakuna hata mmoja siku ya kufua, na siku ya pili wanarudi. Ulikuwa umeandika, "Nilidhani wanakula majani," ukakata, ukaandika chini, "Si kweli, wanakula vitu vilivyo juu ya majani," ukakata tena, ukaandika, "Sijui." Na michoro. Kurasa na kurasa za samaki, wote wanaangalia upande mmoja, matope kila mahali, na alama ya kikombe cha Cucu.

Mwalimu alisema litawekwa kwenye maonyesho siku ya wazazi. Mimi nikaliona, nikaona matope. Nikaona yale maneno yaliyokatwa. Nikawaza wazazi wengine watasema nini. Wewe ulikuwa umelala kwa binamu yako Jumamosi ile. Nilinunua daftari jipya, nikakaa na rula na penseli za rangi siku nzima, nikalinakili lote kwa mwandiko wangu mzuri. Nilitoa kila "nilidhani". Nilitoa kila "sijui". Na wale samaki, nikaona ukurasa hauna uhai wote wakielekea upande mmoja, nadhani nilisema mtoto amechoka kuchora, nikawageuza. Wengine kulia, wengine kushoto, wawili nikawakabilisha wanabusiana. Jumapili asubuhi nikawasha jiko kwa lile daftari lako.

Niliambiwa pale bwawani, kwa mdomo wa mtu anayejua, kwamba samaki hukaa kichwa kikielekea yanakotoka maji. Wewe hukuambiwa na mtu. Ulikaa kwenye jiwe ukaona. Na mimi niliyeambiwa nikamsahihisha aliyeona. Miaka minne tu baada ya wale vyura!

Uliporudi nilikuonyesha daftari jipya nikitabasamu. Ulifungua kurasa mbili. Ukauliza, "Langu liko wapi?" Nikasema, "Si ndilo hili, limekuwa zuri." Ulitazama jiko, sijui ulijuaje. Hukulia. Ningejua la kufanya kama ungelia. Ulisema, "Sawa, mama."

Ile ilikuwa ya kwanza.

Ukashinda. Waliusifu mwandiko, wakakupa zawadi, mkebe wa bati wa hesabu wenye bikari na rula ndani. Ulifika nyumbani ukauweka mezani mbele yangu. "Hii ni yako, mama." Ukaenda kubadilisha sare. Hukusema kwa hasira, na ndiyo maana nimeisikia kila siku tangu hapo. Nilikuwa natafuta nafasi ya kukuomba msamaha na kila nafasi nilipoipata niliona afadhali nipike. Ulipoacha kuuliza maswali nilijiambia umekua. Ulipoacha kuchora nilijiambia ni masomo mengi. Nilikuwa na jibu safi kwa kila kitu.

Barua yako ya Naivasha ilipofika mwezi uliopita, na nikaona umechagua samaki bila kuniambia, nilifurahi kwa namna ambayo sikujua niionyeshe vipi. Maana yake hawakufa ndani yako. Nilidhani niliwachoma jikoni. Siku ile niliyosema naenda kwa mshonaji, nilikwenda Mutuini. Sikupita kwa Cucu, nilishuka moja kwa moja kijitoni. Niliketi kwenye jiwe la kufulia na nikaangalia maji, nusu saa, kama nilivyofundishwa, bila kutafuta samaki. Kisha nikawaona. Kijito kimepungua siku hizi, kuna nyumba za kupanga mpaka karibu na ukingo, lakini penye mzizi wa mkuyu walikuwepo, nikahesabu tisa, na wote tisa wanaangalia juu, maji yanakotoka, mikia inatikisika kidogo kidogo kubaki pale pale. Nilichukua kijiti nikawatawanya. Wakarudi, wakajipanga vile vile. Nikawatawanya tena. Nililia kidogo, na nikacheka pia, kwa sababu mama mmoja aliyekuja na ndoo ya nguo alinikuta mtu mzima nimechuchumaa nikichokoza maji kwa kijiti.

"Umepoteza kitu?" akaniuliza.

"Eeh," nikasema, "lakini si leo."

Nilirudi nyumbani nikajaribu kukurudishia daftari lako. Unajua ukinakili kitu kwa mkono kinabaki kichwani. Nilinunua daftari la visanduku nikaanza: kumi na saba penye mzizi, hakuna siku ya kufua. Nikafika penye "Nilidhani wanakula majani." Nikaandika, nikakata. Nikaangalia ule mkato wangu. Ulikuwa umenyooka. Nikajaribu kuupinda, ukawa mpindo wa mtu anayejaribu. Nikaona kabisa naenda kufanya kosa lile lile mara ya tatu, safari hii kwa nia njema kuliko zote. Nikauchana ukurasa ule wa kwanza. Daftari lililobaki liko kwenye mkoba wako, chini ya sweta ya kijani. Halina kitu.

Pamoja nalo kuna ule mkebe wa bati. Nimeutunza miaka yote, bikari haijawahi kutumika. Ndani nimekuwekea chura mmoja. Tangu 1984 nimefunga vyura sijui wangapi, na huyu nimemfunga Alhamisi, mguu mmoja mrefu, tumbo nene upande wa kulia. Nilimaliza, nikamweka mezani, akaegemea. Mkono ukaenda kwenye mkasi wenyewe, Nyambura, sikuutuma. Nikauweka mkasi kwenye droo nikaikalia droo.

Mrushe huko, mahali mto Malewa unapoingia ziwani au popote utakapopaona. Mahali utapajua mwenyewe, wewe huhitaji mama wa kukuonyesha kivuli. Ngoja mviringo uishe. Halafu ufanye lile nililokukatalia kwa kukwambia umalize chai, ukiwa na miaka minane. Angalia. Kwa sababu lile swali lako bado ninalo. Nimelibeba miaka kumi na moja, nimemuuliza Bwana Mohinder, akasema samaki hana akili. Sijaridhika. Yule wa kwanza alimtazama chura wangu mzuri akaondoka, kwa hiyo kuna kitu anakijua. Na yule aliyemmeza wa pili, je, alidanganyika, au alijua ni wa uongo na bado mdomo ukafunguka? Kwa nini humrukia wakati mwingine hata tumbo likiwa limejaa? Alfajiri na mapema, wakati hakuna jua la kuonyesha kitu, wanajuaje chura amelala upande? Baba yako anasema mwanamke wa miaka arobaini na tatu hana haja ya kujua haya. Mimi nina haja.

Ukijua, niandikie. Usipojua, niandikie "sijui". Niandikie ulichodhani halafu ukakata, uache nione ulichokata. Matope yakiingia, yaache. Naapa sitashika kalamu. Na usiponiandikia kitu ila kwamba u mzima, nitaelewa, nitakuwa nimevuna nilichopanda kwenye lile jiko, na bado nitafurahi kwamba u mzima. Lakini nisamehe kama unaweza. Si kwa daftari tu. Kwa kukufanya udhani nilitaka mtoto aliyenyooka, wakati yule aliyetia ngumi mdomoni mwa samaki ndiye niliyekuwa nikimpenda kupita kiasi, na nampenda hivyo sasa hivi.

Geti limelia. Nasikia baba yako anazungumza na mkungu wa ndizi kana kwamba ni mtu, na wewe unacheka, kicheko ambacho sijakisikia muda mrefu. Nilikuwa nimetenga karatasi safi pembeni ili nikimaliza niinakili barua hii vizuri kabla hujarudi. Nimehesabu, nimekata maneno mahali ishirini na tisa, na penye chai ya mke wa Bwana Mohinder nimemwaga yangu. Naikunja hivi hivi. Inasomeka.

Mama yako,
Njeri